Opera ya Baroko chini ya anga la Julai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Programu za matamasha ya Ulaya zikishatoka, maswali yaleyale huanza kunijia: niende wapi, nivae nini, nitaelewa chochote, na je, sitalala? Nimeyakusanya hapa. Mifano mingi nimeitoa Ufaransa, katika sehemu tatu: Beaune, Aix-en-Provence na Thiré. Kwingine kupo, tena kuzuri, lakini ukizielewa hizi tatu utaweza kuzipima nyingine mwenyewe.

Opera ya Baroko ni ipi hasa?

Ni zile zilizotungwa kuanzia mwaka 1600 hivi hadi katikati ya karne ya 18. *Euridice* ya Jacopo Peri ilichezwa Florence mwaka 1600, *Orfeo* ya Claudio Monteverdi ikafuata Mantua mwaka 1607, na mwaka 1637 Venice ikafungua jumba la kwanza la opera ambalo mtu yeyote mwenye nauli ya mlangoni aliweza kuingia. Baada ya hapo wakaja Cavalli, Lully, Purcell, Vivaldi, Handel na Rameau.

Okestra yake ni ndogo kuliko ya watunzi wa baadaye kama Verdi au Wagner. Fidla zina nyuzi za utumbo wa mnyama. Katikati hukaa hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, na kando yake teorbo, ndugu wa udi aliyerefuka shingo hadi akakaribia kimo cha mpigaji wake. Undugu huo ni wa damu: Wazungu waliupokea udi kutoka kwa Waarabu, hasa kupitia Hispania, wakaufuga kwa namna yao. Aliyekulia kwenye taarab ya Unguja ataushtukia mgongo wake wa duara hata kabla haujapigwa.

Nje kunasikika vizuri kuliko ndani?

Hapana, na anayekuambia vinginevyo anauza tiketi.

Ndani ya ukumbi sauti inakufikia kwanza moja kwa moja kutoka kwa mwimbaji, kisha tena na tena ikitoka kwenye kuta na dari. Nje dari haipo. Mahali palipo wazi kabisa, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, na vinavyopotea mwanzo ni hapsikodi na teorbo, yaani vyombo vilevile vinavyomshika mkono mwimbaji anaposimulia kisa. Ukivikosa hivyo, nusu ya opera imekupita hata kama sauti ya soprano, ile ya juu ya kike, unaisikia bila tabu.

Kwa hiyo nina kanuni moja ninayompa kila anayeniuliza: chagua kuta kwanza, halafu ndipo uangalie nani anaimba. Ua wa mawe uliozungukwa na majengo pande zote nne hukurudishia sehemu kubwa ya ile sauti ambayo bustani ingeitupa angani. Bustani pana yenye mwimbaji maarufu na vipaza sauti nayo ina raha yake, ila ujue kwamba utakuwa umesikiliza spika.

Basi kwa nini niende nje?

Kwa sababu opera hizi zenyewe zimejaa nje. Zina dhoruba, usiku, mapango, misitu, miungu inayoshuka mawinguni, ndege wanaojibizana na fidla. *Serse* ya Handel, ya mwaka 1738, inaanza na mfalme wa Uajemi akiimbia mti, akiushukuru kwa kivuli chake. Ukumbini, mti huo ni wa mbao au wa kufikirika. Huko Aix, ukitoka tu kwenye ua wa maonyesho na kutembea kidogo, unakuta barabara ya Cours Mirabeau yenye mistari ya miti ya aina hiyohiyo.

Halafu kuna mwanga. Mapema Julai, Beaune jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Sisi tuliozoea jua linaloaga saa kumi na mbili jioni bila kujadiliana na mtu, jambo hili linatushangaza kila mwaka: opera inaanza mchana ukiwa bado mchana, mbayuwayu wakipita juu ya mapaa kwa kelele, na giza linaingia polepole katikati ya kitendo cha pili. Hakuna fundi taa anayeweza kuiga hilo.

Nichague wapi kati ya hizo tatu?

*Beaune* kwa masikio. Ni mji mdogo wa mvinyo huko Burgundy, na tamasha lake la opera ya Baroko lilianza mwaka 1983. Hufanyika Julai, wikiendi baada ya wikiendi. Ua wake ni wa Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, chansela wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Paa lina vigae vya rangi vilivyopangwa kwa michoro, na ua una kuta pande zote. Lakini jambo moja ulijue mapema: hapa opera huimbwa bila maigizo. Hakuna mavazi ya wafalme wala mapango ya mbao. Waimbaji wanasimama mbele ya okestra, basi. Wapo wanaogundua hilo wakiwa wameshakaa, wakanuna usiku kucha. Mimi naona ni zawadi. Opera nyingi za zama hizi zina visa vilivyosokotana kiasi kwamba bila mwongozaji wa kuongeza vurugu zake, unabaki na muziki, na muziki ndio unaoeleza nani anampenda nani.

*Aix-en-Provence* kwa macho na masikio. Tamasha ni la tangu mwaka 1948, na onyesho kuu la nje hufanyika kwenye ua wa jumba la zamani la askofu mkuu, unaoingia watu zaidi ya elfu moja. Jukwaa ni kamili, taa ni kamili, na waongozaji wake wanapenda kuchokoza. Si tamasha la Baroko tupu, maana Mozart ndiye mwenyeji wa kudumu, kwa hiyo soma programu ya mwaka husika kabla ya kulipa nauli. Hata hivyo Baroko ina historia ndefu hapa. *Platée* ya Rameau ilichezwa Aix mwaka 1956, wakati watu wengi walimjua Rameau kwa jina tu. Na *Les Boréades*, opera yake ya mwisho, aliiacha bila kuiona jukwaani alipofariki mwaka 1764. Ilisubiri hadi 1982 ndipo Mwingereza John Eliot Gardiner, kiongozi wa okestra, akaiongoza Aix katika onyesho lake la kwanza kamili. Ni opera ya wana wa Borea, mungu wa upepo wa kaskazini, katika mji ambao upepo wa kaskazini, mistral, huweza kupeperusha karatasi za wapigaji wakati wowote. Kama waliopanga walilitazama hilo na kucheka, ningependa kuwa karibu nao siku hiyo.

Mwaka 2018 Aix walicheza *Dido and Aeneas* ya Purcell. Dido ni malkia wa Carthage, Tunisia ya leo, na mara nyingi jambo hilo hupita kimya kana kwamba mji ule ulikuwa karibu na London. Safari ile onyesho lilianza na utangulizi mpya ulioandikwa na mwandishi Mfaransa Maylis de Kerangal, na aliyepanda jukwaani kuutoa alikuwa mwimbaji Rokia Traoré wa Mali. Wakosoaji waligawanyika. Mimi nilifurahi kwamba, kabla ya malkia kulia, Afrika ilipewa neno la kwanza.

*Thiré* kwa miguu. Ni kijiji cha Vendée, upande wa magharibi, alikonunua nyumba William Christie mwaka 1985. Christie ni Mmarekani wa Buffalo aliyeanzisha kundi la Les Arts Florissants mwaka 1979, na ni mmoja wa watu waliofanya Wafaransa wampende tena Lully na Rameau. Alipanda bustani akiwa na michoro ya karne ya 17 kichwani, na tangu 2012 huifungulia wasikilizaji mwishoni mwa Agosti. Mchana unazunguka kutoka pembe hadi pembe ukikuta wimbo hapa, fidla mbili pale. Jioni kuna onyesho kwenye jukwaa lililowekwa juu ya bwawa. Kuta hazipo, nakiri, lakini mchana unakaa mita chache tu kutoka kwa mwimbaji na kanuni yangu inalegea.

Nianze na opera ipi?

*Dido and Aeneas*. Ni saa moja tu, ni ya Kiingereza, na maombolezo yake ya mwisho yanasimama juu ya besi moja fupi inayojirudia ikishuka. Baada ya hapo *Orfeo*, ambayo haifiki saa mbili, au *Platée*, kichekesho kikatili kuhusu binti wa kinamasi anayejiona mrembo hadi kuamini kwamba mungu Jupita anataka kumwoa. Vyura wanaimba, na sehemu ya Platée mwenyewe huimbwa na mwanamume.

Usianze na *Giulio Cesare* ya Handel ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki. Ni kazi kubwa, lakini inapita saa tatu bila kuhesabu mapumziko.

Zamani walicheza nje kweli, au ni biashara ya utalii?

Walicheza, na walikuwa na matatizo yaleyale. Tarehe 4 Julai 1674, Lully aliicheza *Alceste* kwenye Ua wa Marumaru huko Versailles mbele ya Mfalme Louis wa 14. Palikuwa na chemchemi katikati, na inasimuliwa kwamba maji yake yalielekezwa yaangukie vyombo vilivyojaa maua ili mlio usiwaudhi waimbaji. Hata hao walijua adui wa muziki wa nje ni nani.

Vienna mwaka 1716 ilichezwa opera ya Johann Joseph Fux kwenye bustani ya kasri la Favorita, jukwaa likiwa juu ya maji. Lady Mary Wortley Montagu, Mwingereza aliyekuwa safarini na mumewe balozi, aliandika barua kuhusu usiku huo. Alisifu jukwaa na mapambo, akalalamika kwamba familia ya mfalme pekee ndiyo iliyokuwa na kitu cha kuwafunika, kisha akaeleza jinsi mvua ilivyonyesha, opera ikakatishwa, na umati ulivyokimbia hadi nusura umminye afe.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Prague, Agosti 1723. Kaizari Karl wa 6 alikuwa anatawazwa kuwa mfalme wa Bohemia, sehemu ya Czech ya leo, na kwenye ngome ya mji ikajengwa sehemu ya wazi kwa ajili ya *Costanza e fortezza* ya huyohuyo Fux. Waimbaji walikuwa kama 100 na wapigaji kama 200. Fux mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa jongo, Antonio Caldara akaongoza badala yake. Kati ya wapigaji alikuwapo kijana Johann Joachim Quantz, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa filimbi wa Mfalme Frederick wa Prussia. Katika kumbukumbu zake Quantz alieleza kwamba muziki ule ulikuwa na sura ya kanisani kuliko ya jukwaani, tena kwenye karatasi ulionekana mkavu; lakini hewani, kwa watu wengi kiasi kile, ulifaa kuliko nyimbo laini zenye noti ndogo ndogo za haraka.

Miaka 300 imepita na bado ushauri huo unafanya kazi. Kama mahali pako ni wazi, tafuta opera yenye kwaya na dansi pana, kama za Lully na Rameau. Handel mwenye noti zinazokimbizana muwekee ua wenye kuta.

Mvua ikinyesha?

Wa kwanza kukimbia ni wapigaji, na wana haki, maana ala moja inaweza kuwa na thamani ya nyumba. Beaune hali ya hewa ikiwa mbaya onyesho huhamia kwenye basilika ya Notre-Dame, karibu tu na hapo. Huko utakuwa mkavu, ila mwangwi ni mrefu na maneno ya haraka huyeyukiana. Kwingine wanasubiri, wanapangusa jukwaa, wanaendelea, au wanaahirisha. Soma masharti ya tiketi kabla hujanunua: mara nyingi onyesho likishafika sehemu fulani, fedha hazirudi. Mwavuli usibebe, kwa sababu hutaruhusiwa kuufungua mbele ya waliokaa nyuma yako. Beba koti la mvua.

Nivae nini?

Chochote nadhifu. Aix utaona suti za kitani na viatu vya bei kali, lakini hakuna anayemkagua mwingine. Tatizo ni baridi. Mchana unaweza kutokwa na jasho, na saa tano usiku meno yakagongana, hasa mistral ikiamka. Kanga mbili, moja mabegani na moja magotini, zimewahi kunifanya nionewe wivu na mstari mzima. Beba na kitu laini cha kukalia. Dawa ya mbu jipake kabla ya kuingia, usije ukawanukisha watu katikati ya maombolezo.

Mbona wanakaza nyuzi kila mara?

Utumbo wa mnyama hunywa unyevu wa hewa, na jioni unyevu hubadilika haraka. Mambo huwa magumu zaidi kwa sababu ala haziendi upande mmoja: baridi ikiingia, nyuzi za chuma za hapsikodi hupanda sauti wakati filimbi na obo, jamaa wa zumari, zinashuka. Ndiyo maana utamwona mtu na ufunguo wake akiinamia hapsikodi wakati wa mapumziko huku wengine wakinywa mvinyo. Ni mtu muhimu kuliko wote usiku huo, na hapigiwi makofi.

Tena wengi hupiga kwa kipimo cha chini kuliko cha leo: noti ya *la* hutetemeka mara 415 kwa sekunde badala ya 440, tofauti ya karibu nusu toni, na kwa muziki wa Kifaransa hata 392.

Kwa nini mwimbaji anarudia maneno yaleyale?

Hiyo ni aria (wimbo wa mtu mmoja) ya da capo, yaani ya kurudi mwanzo, na ukiielewa umeielewa nusu ya Handel. Ina sehemu ya kwanza, sehemu ya pili yenye hali tofauti, kisha anarudi mwanzo. Maneno ni yaleyale lakini safari hii mwimbaji anaruhusiwa, kwa kweli anatakiwa, kuupamba wimbo kwa ubunifu wake, kama mwimbaji wa taarab anayerudi kwenye kibwagizo na kukizungusha hadi watu wainuke. Basi mara ya kwanza ushike wimbo ulivyo, ili ukirudi ujue ameufanyia nini. Anayechoka na marudio mara nyingi ni yule ambaye mara ya kwanza alikuwa anasoma programu.

Yule mwanamume anaimba kwa sauti ya kike. Ni kawaida?

Ni kawaida. Zamani sehemu nyingi za mashujaa ziliandikiwa matowashi, wavulana waliohasiwa kabla ya sauti kuvunjika. Handel alimwandikia Senesino, mmoja wao, sehemu ya Kaisari katika *Giulio Cesare* mwaka 1724. Leo, kwa bahati njema, ukatili huo umekwisha, na sehemu hizo huimbwa na kauntatena, wanaume waliofunza sauti yao ya juu, au na wanawake waliovaa mavazi ya kiume. Baada ya dakika kumi sikio linazoea.

Sijui Kiitaliano wala Kifaransa.

Jukwaani kwa kawaida kuna maandishi ya tafsiri. Soma muhtasari wa kisa mchana, halafu usiyatazame maandishi sana. Maneno ya aria moja mara nyingi ni mistari minne hadi minane tu.

Napiga makofi lini? Naweza kumtunza mwimbaji?

Aria ikiisha kwa kishindo, piga. Ikiisha kwa huzuni, subiri uone wengine. Kumtunza, hapana, ukipanda jukwaani na noti mkononi walinzi watakushusha. Inasikitisha, maana katika karne ya 18 watu walikula, walipiga soga na kupigiana kelele ndani ya majumba ya opera, na utulivu wa sasa ulikuja baadaye.

Watoto je?

Thiré mchana, ndiyo, bila wasiwasi: wanaweza kutembea. Onyesho la usiku linalomalizika saa sita au saa saba, mpeleke mtoto anayeomba mwenyewe kwenda.

Bei zikoje?

Aix ni kali; viti vya mbele hupita euro 200. Viti vya pembeni na vya nyuma ni nafuu zaidi, na kwa sababu ya kuta zile vya nyuma havina ubaya mkubwa kwa sikio, ila uso wa mwimbaji utaukosa. Vijana wana punguzo karibu kila mahali, kwa hiyo uliza. Juni, kabla ya tamasha lenyewe, Aix huwa na mfululizo wa maonyesho madogo, mengine ya bure. Beaune na Thiré mfuko hauumii hivyo.

Nitarudi vipi usiku?

Hili watu hulisahau hadi saa saba ya usiku. Beaune ina treni ya kwenda Dijon, mwendo wa nusu saa au pungufu, na Dijon hadi Paris ni kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi. Lakini opera ikianza saa tatu usiku, treni ya mwisho itakuwa imeshaondoka zamani. Lala mjini, na chumba ukishike mapema, kwa sababu Julai watalii wa mvinyo nao wapo. Aix kituo cha treni ya kasi kiko nje ya mji, na basi la kwenda huko halikungojei umalize kupiga makofi. Thiré bila gari usijaribu, isipokuwa umepata chumba kijijini au kwenye vijiji vya jirani, na umekubaliana na mwenye gari kabla taa hazijazimwa.